Kinundu cha Tumboni na Sindano Tunayoiomba Wenyewe

Habari za lenakapavir, sindano ya kujikinga na virusi vya Ukimwi inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka, zilifika Mombasa zikiwa habari za uvimbe kabla ya kuwa habari za dawa. Kwenye feri ya Likoni asubuhi, au barazani Majengo baada ya magharibi, utasikia kwamba imekuja sindano inayoacha kinundu tumboni, na kinundu chenyewe hakiondoki wiki wala mwezi. Maneno hayo ni kweli. Uongo uko katika kinachoongezwa mbele yake, kwamba ni sumu iliyozikwa mwilini na itakuja kuzuka siku moja. Mtu huyohuyo anayesimulia hayo, mgongo ukimkaza Jumatatu, ataingia kemisti ya Kongowea na kuomba kwa kinywa chake, "Nidunge ya maumivu," asiulize jina la dawa wala kiasi chake, aondoke akichechemea na kusema sasa ametibiwa. Sindano zinadhuru, na hilo si la kubishania. Lakini madhara yake yana vyanzo vitatu visivyofanana: dawa yenyewe, mkono unaoidunga, na mwili unaoipokea. Kwa kuvichanganya vyote katika kapu moja, tumefika mahali tunaikimbia sindano iliyopimwa na kuikimbilia ambayo hatukuihitaji.

Tuanze na hicho kinundu, maana ndicho kilichozua maneno. Kenya ni mojawapo ya nchi za Afrika zilizopangiwa kuipata lenakapavir mapema. Dawa hii haiyeyuki upesi kwenye maji, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Mhudumu hudunga mara mbili siku hiyohiyo, kila sindano mililita 1.5, chini ya ngozi ya tumbo, umbali wa sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni. Paja ni mahali mbadala. Dawa hukaa pale kama ghala dogo, ikitoka polepole kwa wiki 26. Mwili ukikuta kitu kigeni kimetulia mahali, hukizungushia seli zake, na hapo ndipo vidole vinapogusa kitu kigumu mfano wa punje. Katika utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, karibu 64 kati ya kila 100 waliodungwa walipata vinundu. Waliokuwa kundi la vidonge, waliodungwa maji yasiyo na dawa ili walinganishwe, nao walilalamika: karibu 35 kati ya 100 walipata maumivu, uvimbe au wekundu mahali pa sindano, jambo linaloonyesha ni kiasi gani cha malalamiko hutokana na ncha ya sindano tu. Walioacha kwa sababu ya mahali pa sindano walikuwa 4 kati ya 2,138. Na waliopata maambukizi ya virusi kati ya wale 2,134 waliofuatiliwa kwa dawa hiyo? Hakuna hata mmoja, ilhali kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kawaida vya kila siku waliambukizwa 16.

Hatari za kweli za sindano hiyo ziko kwingine, na hizo hazizungumzwi barazani. Kwanza, ikidungwa ndani ya ngozi badala ya chini yake, nyama ya mahali pale inaweza kufa na kuacha kidonda. Kosa hilo ni la mkono, si la dawa. Pili, siku ya sindano ya kwanza mtu hupewa vidonge viwili vya miligramu 300, na kesho yake viwili tena. Anayeacha vile vya kesho kwa kuwa "tayari nimedungwa" anakaa siku kadhaa akidhani ana kinga ambayo damu yake haijaifikia. Tatu, rifampisini ya kifua kikuu huishusha dawa hii mwilini kwa kiasi kikubwa, kwa hivyo anayeanza matibabu ya TB lazima aseme kwamba alidungwa, aongezewe dozi. Nne, dawa ikishaingia haitoki kwa amri: mabaki yake hukaa mwaka mmoja au zaidi. Mtu akiacha kurudi, kiwango hushuka taratibu hadi kinashindwa kuzuia virusi lakini kinatosha kuvifundisha usugu. Hayo manne yana uzito kuliko vinundu mia.

Sasa chanzo cha kwanza, dawa yenyewe. Haitusaidii kitu kujifanya kwamba dawa haina hatia kamwe. Chanjo ya AstraZeneca, ambayo Kenya ilianza kuitumia Machi 2021, iligunduliwa kusababisha aina adimu ya kuganda kwa damu, hasa wiki chache baada ya dozi ya kwanza, na baadhi ya nchi ziliwaondoa vijana wake kwenye chanjo hiyo. Hofu ya wakati ule ilikuwa na mzizi. Leo mzizi kama huo umeota upande wa sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu inayojulikana na wengi kama Depo. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba walioitumia zaidi ya mwaka mmoja walikuwa na hatari zaidi ya mara 5 ya kufanyiwa upasuaji wa meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, ambao kwa kawaida si saratani. Kesi zikafunguliwa Marekani, na kufikia simu za Kisauni na Changamwe habari ilikuwa imefupishwa: Depo inaleta uvimbe wa ubongo.

Mara 5 ya nini? Hapo ndipo habari fupi hukwama. Kati ya wanawake 18,061 waliofanyiwa upasuaji huo Ufaransa, waliokuwa wameitumia sindano hiyo walikuwa 9. Kati ya 90,305 wasio na uvimbe waliolinganishwa nao, walikuwa 11. Ni idadi ndogo, kwa sehemu kwa sababu Ufaransa sindano hiyo hutumika kwa nadra, na hilo lenyewe latutaka tuwe waangalifu sisi ambao hali yetu ni kinyume: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu mmoja kati ya wanawake 5 walioolewa Kenya akitumia sindano za uzazi. Hatari ipo, ni ndogo, na inakua kadiri miaka ya matumizi inavyorefuka. Mwenye meninjioma au aliyewahi kuwa nayo asidungwe. Anayeitumia kwa miaka, akianza kuumwa kichwa kusikokwisha, kuona maluweluwe au kupoteza uwezo wa kusikia upande mmoja, aende hospitali na aseme ameitumia kwa muda gani. Kuiacha ghafla bila njia nyingine mkononi ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu mimba isiyopangwa nayo ina hatari zake, na hizo si za mtu mmoja katika maelfu mengi.

Ajabu ni kwamba uvimbe huo adimu umefunika yale yanayowapata wengi. Miligramu 150 za dawa hii hubadilisha hedhi karibu kwa kila mtumiaji: miezi ya mwanzo matone ya damu yasiyo na ratiba, na baada ya mwaka karibu nusu yao hawaoni hedhi kabisa. Damu haijifungii tumboni, kama wengi wanavyoambiwa. Utando wa kizazi haujengeki, basi hakuna cha kutoka. Uzito huongezeka kwa baadhi. Mifupa hupungua uzito wakati wa matumizi na hurejea sehemu kubwa baada ya kuacha. Uzazi huchelewa kurudi, wastani wa miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na hili ndilo linalovunja nyumba, maana mume na mawifi huhesabu miezi kuliko daktari. Anayetaka mtoto mwaka kesho angefaa kuambiwa hilo kabla ya ncha kuingia. Na baada ya sindano hii mahali pasikandwe: kukanda kunaiharakisha dawa iishe kabla ya miezi yake. Mazoea ya kusugua kwa pamba hadi panapata moto yanafaa kuachwa hapa.

Chanzo cha pili, mkono, ndicho kinachoharibu zaidi na kinachotajwa kidogo zaidi. Chukua sindano ya diklofenaki, ile "ya maumivu". Kichupa chake kina miligramu 75 katika mililita 3. Msuli wa bega wa mtu mzima unafaa kwa mililita 1 hivi, kwa hivyo diklofenaki haina nafasi begani. Hupelekwa takoni, ndani kabisa ya msuli, robo ya juu upande wa nje. Ncha ikishuka chini au ikasogea katikati, inaukuta mshipa mkuu wa fahamu unaoteremka mguuni. Dalili yake haina kificho: maumivu kama shoti ya umeme yanayokimbia hadi kidoleni, papo hapo, sindano ingali mwilini. Hapo mdungaji anatakiwa asimame na aichomoe. Akiambiwa mgonjwa "vumilia kidogo" na dawa ikasukumwa yote, kesho yake unyayo unaweza kuning'inia na mguu ukaanza kuburuta. Wengine hupona kwa miezi, wengine hubaki nao. Kwa watoto wadogo hatari ni kubwa zaidi kwa sababu tako lao ni dogo na msuli haujajaa. Ndiyo maana chanjo zao hudungwa pajani, mbele kwa upande wa nje, na hakuna sababu ya kumlaza mtoto wa mwaka mmoja kifudifudi adungwe matakoni kwa homa.

Liko jingine, adimu lakini baya: dawa ikiingia kwenye mshipa mdogo wa damu au kandokando yake, ngozi hupauka mara moja, kisha huchora wavu wa rangi ya zambarau, na baada ya siku chache kipande kizima kinakuwa cheusi na kufa. Diklofenaki ni mojawapo ya dawa zinazotajwa sana katika ripoti za namna hiyo, na penisilini ya benzathini nayo imo. Jipu la kawaida hufuata njia nyingine: mikono isiyooshwa, ngozi isiyosafishwa, au ncha fupi iliyoiacha dawa kwenye mafuta badala ya msuli, jambo la kawaida kwa mwenye makalio yaliyonona. Hata bega lina makosa yake. Sindano ikidungwa juu mno, karibu na mfupa wa ncha ya bega, inaingia kwenye kifuko cha kiungo, na mtu anashindwa kuinua mkono kwa miezi huku akiilaumu chanjo. Mahali sahihi ni upana wa vidole viwili au vitatu chini ya mfupa huo.

Mfano mkali wa mkono kuisingizia dawa ulitokea Kapoeta, Sudan Kusini, Mei 2017. Watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya chanjo ya surua iliyochanja watoto wapatao 300. Uchunguzi ulikuta kwamba bomba moja la sindano lilitumika siku zote nne za kampeni, na chanjo ilikaa muda wote huo bila baridi. Chanjo ya surua haina dawa ya kuzuia vijidudu. Ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6, kwani bakteria wakiingia huzaliana humo na kutoa sumu. Kwa jiji la joto kama letu, ambako nyuzi 30 ni jambo la kila siku na umeme hukatika, mfano huo una maana yake. Mama ana haki ya kuuliza kichupa kilifunguliwa saa ngapi.

Chanzo cha tatu, mwili, hakitabiriki vizuri, na kwa hiyo kinahitaji maandalizi. Kinachotokea mara nyingi ni kuzirai: mtu anapauka, anatokwa jasho baridi, mapigo yanakwenda polepole, anaanguka. Alazwe, miguu iinuliwe, atazinduka kwa dakika chache; kinachomuumiza ni sakafu. Mzio mkali ni kitu kingine: upele unaowasha, midomo na koo kuvimba, kifua kubana, mapigo kwenda mbio, presha kushuka, mara nyingi ndani ya dakika 30. Kwa chanjo ni karibu mtu 1 katika dozi milioni. Kwa penisilini na seftriaksoni, dawa za kuua bakteria, uwezekano ni mkubwa zaidi. Dawa yake ni adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, yaani nusu mililita ya kile kichupa cha miligramu 1 kwa mililita, kwenye msuli wa paja kwa nje, na kurudiwa baada ya dakika 5 kama hali haijageuka. Haidrokotisoni na piriton, dawa za kutuliza mzio ambazo wengi hukimbilia, haziokoi maisha katika dakika hizo. Ndiyo sababu ya kukaa dakika 15 baada ya chanjo na 30 baada ya penisilini. Panapodungwa seftriaksoni bila adrenalini rafuni, panacheza kamari na mwili wa mtu mwingine.

Upande wa pili una hoja zake, na baadhi yazo ni nzito. Wapo wanaosema kwamba Mwafrika amejaribiwa dawa mara nyingi bila kuambiwa, na kwamba mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki nchini walizua swali kuhusu chanjo ya pepopunda waliyodai imechanganywa na homoni ya kuzuia uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani zilikanusha madai hayo, lakini mvutano wenyewe ulionyesha jinsi wanawake walivyokuwa wamedungwa bila maelezo ya kutosha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu hiyo haiondolewi kwa kumkejeli mwenye nayo. Wapo pia wahudumu wanaosema tusitaje madhara yote mbele ya wagonjwa, kwa kuwa ukitaja kichefuchefu watu wataanza kutapika. Yana ukweli, na wale 35 kati ya 100 waliodungwa maji wanawaunga mkono kidogo. Ila anayefichwa kinundu leo, kesho atakigusa mwenyewe gizani, na hapo atakayemfafanulia ni jirani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayojaza foleni za kemisti: kwamba sindano ni dawa kamili na kidonge ni nusu yake. Kuna hali ambapo sindano haina mbadala. Malaria kali hutibiwa kwa artesunati ya sindano, saa ya 0, ya 12 na ya 24, na hata hiyo huweza kuvunja chembe za damu baadaye, siku ya 7 hadi ya 28, kwa hivyo mgonjwa aliyepona arudi kupimwa damu. Anayetapika kila kitu, aliyepoteza fahamu, mama anayevuja damu baada ya kujifungua, hao wanadungwa na hakuna mjadala. Lakini kwa mgongo, meno na mafua? Diklofenaki ya msuli hufika kileleni katika damu baada ya dakika 20 hadi 30; kidonge kinachoyeyuka haraka hakiko nyuma sana. Wengi huchagua sindano wakidhani inalinda tumbo lenye vidonda. Hailindi. Dawa hii huudhi tumbo kupitia damu, kwa kuzuia kemikali zinazolinda ukuta wake, iwe imeingia kwa mdomo au kwa takoni, na figo zinaumia kwa njia hiyohiyo. Hata nimonia ya mtoto, ukiondoa ile kali yenye dalili za hatari, Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linaelekeza itibiwe kwa amoksilini ya kunywa nyumbani. Kumdunga jentamaisini, dawa kali ya kuua bakteria, kila mtoto anayekohoa ni kuyaweka masikio na figo zake rehani bila sababu.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana ukiangalia mahali sindano zinapokwenda. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2000 katika nchi zinazoendelea zilidungwa sindano bilioni 16, na chanjo zilikuwa sehemu ndogo tu, 5 hadi 10 kati ya 100. Zilizobaki karibu zote ni za matibabu, na katika baadhi ya nchi hadi 70 kati ya 100 hazikuhitajika. Vifaa vilivyorudiwa mwaka huo vilihesabiwa kuleta maambukizi mapya milioni 21 ya homa ya ini aina ya B na 260,000 ya virusi vya Ukimwi. Kurudia vifaa kumepungua sana tangu hapo, na bomba linalojifunga baada ya matumizi limesaidia. Kudunga bila haja hakujapungua kwa kasi hiyohiyo. Mjadala wetu umeng'ang'ania lile fungu dogo la chanjo na kinga, lenye kadi, tarehe na namba ya kichupa, na kuliacha kubwa likienda gizani.

Matokeo yake yanaonekana mtu anapofika hospitali ya Makadara mguu ukiburuta, wiki 3 baada ya "kudungwa ya maumivu". Swali la kwanza ni dawa gani, na hajui. Kiasi gani, hajui. Karatasi hana, maana hakuandikiwa. Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa na ya waridi kwa dawa yenye ubora wa kutiliwa shaka, na raia pia anaweza kuripoti mwenyewe. Fomu inauliza jina la dawa, dozi, tarehe na namba ya toleo. Kwa kinundu cha lenakapavir yote manne yatapatikana kliniki, kwenye faili. Kwa mguu ule, mistari yote minne itabaki mitupu, na kwenye hesabu za taifa itakuwa kana kwamba sindano ile haikumdhuru mtu.